Krimu ya emulsifaya ya zeituni: mbona sioni fuwele-kimiminika?

Nyakato_Krimu: Wakuu, fomula yangu ya gramu 100: maji 72.5, gliserini 5, mafuta ya alizeti 14, emulsifaya ya zeituni (setiaril oliveti na sorbitani oliveti, ya kuunganisha maji na mafuta) 5, pombe ya setiaril (nta ya kuipa krimu uzito) 2, vitamini E 0.5, fenoksiethanoli (kihifadhi) 1. Napasha maji na mafuta kila moja hadi nyuzi 75, nasaga kwa blenda ya mkono dakika 3, halafu bakuli naliweka kwenye beseni la maji baridi. Kesho yake krimu ina chengachenga, na kwenye darubini ile misalaba ya mwanga inayoonyesha fuwele-kimiminika (tabaka zilizojipanga za emulsifaya na maji) hakuna. Ni maji ya bomba?

Kipimajoto: Maji hayana kesi. Emulsifaya hiyo haina chaji, chumvi kidogo haiisumbui (tumia yaliyosafishwa kwa sababu ya vijidudu tu). Mchawi ni beseni. Tabaka za emulsifaya na maji hujipanga kuzunguka tone la mafuta joto likishuka taratibu. Ukilipoza ghafla, pombe ya setiaril inaganda kivyake. Hizo ndizo chenga. Zima blenda kwenye 60, endelea kwa mwiko polepole hadi 40, ndipo utie fenoksiethanoli. Gramu 100 hupoa haraka hata joto la Mwanza likiwa juu, kwa hiyo funga bakuli kwa taulo. Pima bakuli la maji kabla na baada ya kupasha, ufidie yaliyopotea kwa mvuke. Uzito wa krimu (wepesi au unene wake) uamue baada ya saa 48, si siku hiyohiyo.

Igoma_Lenzi: Na darubini yako ina vichujio vya polarishoni (vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu)? Bila hivyo huoni msalaba hata krimu ikiwa safi. Bandua karatasi ya mbele ya kioo cha kikokotoo kibovu (ya nyuma mara nyingi haipitishi mwanga), ikate vipande viwili: kimoja juu ya taa, kingine juu ya lenzi ya macho, zungusha kimoja hadi kuwe giza. Jaribu kwanza unga wa muhogo ndani ya tone la maji. Chembe za wanga nazo hutoa msalaba, kwa hiyo usipouona, kosa ni vichujio. Krimu iwe nyembamba sana chini ya kigae cha kioo cha kufunikia. Mng'ao wa sindano-sindano usio na msalaba ni mafuta yaliyoganda.

Nyakato_Krimu: Asante wakuu. Hiyo ya jana niitupe?

Kipimajoto: Usiitupe. Ipashe tena hadi 75, fidia maji, saga dakika 2, ipooze na taulo. Fenoksiethanoli haikimbii kirahisi kwenye joto hilo, usiongeze nyingine. 1% ndiyo kikomo Ulaya.