Tumeacha kazi wote wawili tupike majumbani kwa watu: tutoze kwa siku au kwa mwezi?

Kitoweo_Tegeta: Wakuu, heshima kwenu. Mimi nilikuwa mhasibu, mke wangu mwalimu wa shule ya binafsi. Mwezi wa tatu tuliacha kazi, tukaanza upishi wa majumbani hapa Dar. Tunapita Feri alfajiri kwenye mnada wa samaki, tunapika jikoni kwa mteja, tunasafisha, tunaondoka. Mke ni mtoto wa Tanga, samaki wa kupaka anamjua kweli. Mimi nilisoma upishi chuo cha ufundi VETA. Tuna familia mbili, Masaki na Mbezi Beach. Ya Masaki inataka kulipa kwa mwezi, laki tisa, siku tatu kwa wiki. Tukubali? Wiki ya pili hii silali.

Mama Zuu: Kwa mwezi usithubutu! Nilipikia ofisi moja Posta, nikalipwa baada ya siku arobaini, mchele nakopa dukani mpaka mwenye duka ananikwepa macho. Chukua nusu kabla hujaingia sokoni.

Ngalawa77: Mwanaume mzima umeacha kalamu ukashika mwiko?

Babu Kijiko: Ngalawa, biriani la harusi unalolifakamia kila Jumamosi linapikwa na wanaume. Mleta mada, jina la biashara mmelisajili BRELA? Leseni ya manispaa ipo? Mmepima afya? Mtoto wa mtu akiharisha, hakuna atakayeuliza mnatoza kwa siku au kwa mwezi. TIN, namba ya mlipakodi, nayo hailipiwi, msije mkamlipa kishoka.

Neema_K: Kaka, mtu hakosi usingizi wiki mbili kwa swali la bei. Mtaji mlitoa wapi?

Kitoweo_Tegeta: Akiba, dada.

Neema_K: Akiba ya nani?

Kitoweo_Tegeta: Sawa. Milioni 4 akiba yetu. Milioni 6 nimekopa kwa mtu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Nimemwachia hati ya kiwanja cha marehemu baba, Kibaha. Msimamizi wa mirathi ni mimi. Wadogo zangu wawili hawajui. Lakini nieleweni: kile kiwanja kimeota majani miaka sita, hakuna aliyekwenda hata kufyeka. Bila friza, vyombo na pikipiki tusingeendelea. Mwezi wa tisa nalipa, hati inarudi, hakuna aliyeumia.

Mama Zuu: Mkopo wa kausha damu huo! Yesu wangu. Dada yangu walimbebea mpaka kitanda.

Babu Kijiko: Riba peke yake ni milioni 1 na laki 2 kila mwezi, na Masaki anakupa laki tisa. Halafu msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa na kupeleka hesabu mahakamani. Kuweka rehani kwa biashara yako mwenyewe haimo. Huyo mkopeshaji ana leseni? Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, anatakiwa awe nayo.

Pwani_Halisi: Wakuu, hii chai, stori ya kutunga. Mhasibu gani anakopa kwa asilimia 20? Kesho ataleta sehemu ya pili.

Ngalawa77: Hata mimi naona sukari imezidi.

Kitoweo_Tegeta: Siku ya kwanza Masaki tulikuta jiko la kioo, lile la sumaku. Sufuria zetu zote za alumini. Unaweka, taa inapepesa, jiko linajizima. Wageni wanane wako sebuleni. Nilikimbia kuleta mtungi wa gesi kutoka kwenye bajaji, tukapikia uani. Mke aliacha kukoroga amkimbilie mtoto wa mwenye nyumba asisogee motoni, tui likakatika. Alilia amegeukia ukuta. Wiki ile ile nikakopa, sufuria za chuma peke yake laki 7 na elfu 80. Sikukopa kwa ujinga, nilikopa kwa yale machozi.

Pwani_Halisi: Jiko la sumaku na alumini limeniaibisha mimi pia, Oysterbay. Hilo halitungwi na asiyelikuta. Nafuta kauli yangu, mkuu, nisamehe. Sufuria ulinunua wapi?

Ngalawa77: Kumbe tui likikatika halirudi?

Mama Zuu: Ukiwahi kulitoa motoni ukalikoroga, wakati mwingine linarudi.

Neema_K: Sufuria baadaye jamani. Kaka, pikipiki na friza ukiviuza leo unapata ngapi? Na mkeo anaijua hiyo milioni 6?

Kitoweo_Tegeta: Kama milioni 3 na nusu. Mke alidhani ni mafao yangu.

Neema_K: Mwambie kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote.

Kitoweo_Tegeta: Amesoma uzi wote, amesimama nyuma yangu hapa. Ameuliza mdogo wangu wa Mbagala anarudi kazini saa ngapi. Anavaa viatu.

Babu Kijiko: Nendeni na hesabu ya deni mmeiandika kwenye karatasi.