Ruzuku ya wakfu wa jamii kwa jabia la kijiji: tumekataliwa mara moja, tujipange vipi?

Bint Pate

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, Lamu, Kenya, upande wa Kizingitini. Tulianza kwa kuchangiana wakati wa harusi na misiba, kisha tukajisajili kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, tukapata cheti, tukaandika katiba na kufungua akaunti ya benki. Visima vya kwetu vina munyu, kwa hiyo maji ya kunywa na kupikia tunayategemea jabia la mvua, yaani sakafu ya kukingia mvua na birika lake, nalo limechakaa: sakafu ya kukingia imepasuka, na birika linavuja kiasi kwamba maji ya masika hayatuvushi hadi vuli.

Mwaka jana tuliomba ruzuku kwa wakfu mmoja unaosaidia vikundi vya mashinani. Tuliandika kurasa tisa, tukaeleza shida yetu kwa kirefu, tukaambatanisha picha za watoto wamebeba mitungi. Baada ya miezi mitatu tulijibiwa kwa mistari minne kwamba ombi halikuonyesha uwezo wa kikundi wala ushiriki wa jamii. Neno hilo la mwisho lilituuma, maana jabia hilo tumelisafisha kwa mikono yetu kila mwaka kabla ya mvua, na mara mbili tumechanga fedha za kulipaka chokaa.

Dirisha la maombi litafunguliwa tena baada ya Idi. Ninaomba kujua: uwezo wa kikundi kidogo kama chetu huonyeshwa kwa nini hasa? Je, tusipokuwa na hesabu zilizokaguliwa, tusijisumbue kuomba? Na kuna anayetushauri tujisajili upya kama shirika kubwa ndipo tusikilizwe. Je, ni kweli?

Mhasibu wa Malindi

Wa alaykum salaam, dada. Nimesaidia vikundi kadhaa vya Malindi na Magarini kuandika maombi ya namna hii, na vingine vilikataliwa kwa maneno yanayofanana sana na hayo mliyoandikiwa.

Nianze na swali la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Msijisajili upya kwa ajili ya ombi moja. Vikundi kama chenu viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na ni halali kabisa kuomba ruzuku mkiwa hivyo, mradi wakfu husika useme unapokea vikundi vya jamii. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotungwa 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 mahali pa ile ya 1990, inakuja na mzigo wake wa taarifa za kila mwaka ambao kikundi cha watu ishirini na wawili hakina haja ya kujitwika. Mkikuta ruzuku inayotaka shirika lililosajiliwa kwa sheria hiyo, tafuteni shirika mlezi litakalopokea fedha kwa niaba yenu kwa mkataba wa maandishi, na mkataba huo utaje bayana ni kiasi gani shirika hilo litakata kwa ajili ya usimamizi. Angalieni pia tarehe iliyo kwenye cheti chenu. Nimeshuhudia ombi zuri likiwekwa kando kwa sababu cheti kilikwisha muda wiki mbili kabla ya siku ya mwisho.

Sasa kuhusu uwezo. Msomaji wa ombi lenu hajawahi kufika Kizingitini na pengine hatafika. Anachoweza kukipima akiwa mezani kwake ni karatasi zenu, na karatasi inayosomwa kabla ya nyingine zote ni taarifa ya benki. Akiona akaunti imekaa miezi kumi bila kuingia shilingi, kisha imeingia mara moja siku chache kabla ya ombi, ameshajua. Wekeni michango yenu benki hata ikiwa midogo, kila mwezi, na kila inayotolewa iwe na muhtasari wa kikao ulioidhinisha itolewe. Watia sahihi wawe watatu, na isitoke fedha bila sahihi mbili.

Kuna kikundi kimoja ambacho mweka hazina wake, mwanamke mwaminifu kabisa, alipokea michango yote kwenye simu yake ya M-Pesa, na humo humo zikaingia fedha zake za kuuza samaki. Hakuiba hata senti. Lakini tulipoombwa kuonyesha michango ya mwaka mzima, tulikaa barazani kwake siku mbili na kalamu nyekundu, tukipiga mstari chini ya kila muamala na kumuuliza: hii ni ya kikundi au ni ya changu na tafi? Mingine hakuikumbuka, na hatukuwa na haki ya kumlaumu. Laini ya kikundi iwe ya kikundi peke yake.

Kukosa hesabu zilizokaguliwa si mwisho wa safari. Kwa ruzuku ndogo, wakfu nyingi hukubali daftari la fedha lililofungwa kila mwezi, likiwa na stakabadhi zilizopangwa kwa tarehe. Najua nahodha wa mashua na hamali wa bandarini hawatoi stakabadhi. Tengenezeni hati ya malipo yenu wenyewe: jina, nambari ya kitambulisho, kazi aliyofanya, kiasi, tarehe, na sahihi au alama ya kidole. Hati ya namna hiyo inakubalika, ila ijazwe siku ile ile ya malipo, si miezi mitatu baadaye kwa wino mmoja na mwandiko mmoja.

Mzee wa Mkomani

Bint Pate, mimi si mtu wa hesabu, lakini nimekaa kwenye kamati ya msikiti na kamati ya skuli kwa miaka mingi, na naona tunakwazwa na neno lenyewe. Sisi watu wa Amu (Lamu) tukisikia wakfu, tunajua nyumba au shamba lililofungwa: haliuzwi, halirithiwi, na pato lake hutengeneza msikiti au hulipa mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Wakfu za jamii za kisasa ziko karibu na jambo hilo kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ilianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, kwa wazo kwamba watu wengi wa mji mmoja waweke mali zao katika mfuko mmoja wa kudumu, na kamati ya wenyeji igawe pato kulingana na shida za wakati huo. Hapa kwetu ipo Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997, ambayo tangu zamani imekuwa ikihimiza jamii ziweke fungu lao wenyewe kando ya fedha za mfadhili, na hata zijijengee mfuko wao wa kudumu.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini mlijibiwa vile. Msimamizi wa wakfu anajihesabu kuwa amebeba amana, kwa hiyo haulizi ni nani mwenye shida kubwa zaidi, kwani wenye shida hawaishi. Anauliza ni nani atakayekitunza kitu baada ya yeye kuondoka. Ninyi mliandika kurasa tisa za shida, na lile la kusafisha jabia kila mwaka na kuchanga chokaa mara mbili, ambalo ndilo jibu lenyewe, hamkuliandika. Mmetuandikia sisi hapa.

Jambo jingine, kwa kuwa najua litaulizwa kijijini. Mfuko wa kudumu huwekezwa, na wapo watakaosema pato lake lina riba. Msilipuuze wala msilifiche. Waulizeni wafadhili chanzo cha fedha, muulizeni na sheikh wenu, muandike jibu kwenye muhtasari kabla ya kuomba. Akaunti yenu yaweza kuwa kwenye benki inayofuata sharia, ambazo zimekuwapo nchini tangu 2008. Nimeona mradi ukivunjika katikati, saruji imeshashushwa, kwa mzozo ambao ungemalizwa kwa kikao kimoja.

Mjumbe wa Zamani

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuchambua maombi, siyo ya wakfu mliouomba, na ninaongeza yale ambayo kwa kawaida hamuambiwi kwenye barua ya mistari minne.

Ombi husomwa kwa muda mfupi, na wasomaji wengi hufungua bajeti kabla ya maelezo. Bajeti ya kisiwani hukosewa mahali pamoja kila mara: mtu huandika bei ya mfuko wa saruji dukani, na kusahau kwamba mfuko huo una safari. Kutoka gati ya Mokowe, bara, unapakiwa chomboni, unasubiri maji yajae ndipo chombo kipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, unashushwa, unabebwa na hamali hadi juu, kisha unapandishwa punda hadi kijijini. Na kusi ikichacha unaweza kulala gatini siku kadhaa na kuingia unyevu. Kila hatua hapo ina gharama yake na inastahili mstari wake. Bajeti isiyo na mistari hiyo humwambia msomaji kwamba aliyeiandika hajawahi kujenga chochote kisiwani, ingawa kwa kweli amezaliwa huko.

Mchango wa jamii nao hauandikwi kwa maneno kama “wanajamii watajitolea”. Unahesabiwa. Chukueni ujira wa kibarua wa siku moja kwa bei ya kijijini kwenu, zidisheni kwa idadi ya watu na siku walizofanya kazi, na muwe na daftari la mahudhurio lenye sahihi. Mawe, mchanga na chakula cha mafundi vilivyotolewa na watu vipewe bei vivyo hivyo. Usafi wa miaka iliyopita hamwezi kuuhesabu kama mchango wa mradi mpya, lakini mwaweza kuueleza kama historia yenu, kwa mwaka na idadi ya watu.

Nina jambo la tatu ambalo kwangu ni zito kuliko yote, nalo ni ahadi. Vikundi huandika kwamba mradi “utamaliza tatizo la maji”, na msomaji aliye makini hupiga hesabu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Tuseme sakafu yenu ni mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Mvua ya milimita 100 itatoa lita 50,000; ondoeni robo kwa maji yanayokauka na yanayomwagika, zinabaki lita 37,500, ambazo ni mitungi 1,875 ya lita 20. Kaya 60 zikiteka mitungi mitatu kila moja kwa siku, maji hayo yamekwisha siku ya kumi na moja. Kwa hiyo msiahidi kumaliza tatizo. Pimeni, kisha semeni jabia likitengenezwa litawapa siku ngapi zaidi kuliko sasa, na mtagawaje maji hayo. Ahadi ndogo yenye hesabu hutuzwa alama nyingi kuliko ahadi kubwa isiyo nayo.

Na ardhi ni ya nani? Kama jabia liko kwenye kiwanja cha umma au cha msikiti, pateni barua ya idhini kutoka kwa wahusika. Likiwa la msikiti, elezeni wazi kwamba maji ni ya kijiji kizima bila kubagua, kwa sababu wakfu nyingi haziruhusiwi kugharamia majengo ya ibada, na msomaji asiyejua mambo ya kwetu anaweza kudhani mnaomba fedha za msikiti.

Bint Pate

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kuchelewa. Mtandao huku hautabiriki. Tulikutana Ijumaa baada ya Alasiri, tukakubaliana kununua laini ya kikundi, na mweka hazina wetu alifurahi kuliko sote, kwa maana naye amekuwa akipokea kwenye simu yake. Cheti chetu bado kina miezi saba. Kuhusu ardhi, jabia liko kwenye kiwanja cha umma, na mzee wa kijiji amekubali kutupeleka kwa chifu kutafuta barua.

Kisha tulipima. Sakafu ni mita 22 kwa 30, kubwa kuliko mfano wa Mjumbe. Birika ni mita 6 kwa 5, na kina chake ni mita 3, kwa hiyo likijaa lina lita 90,000. Kaya ni 54, nasi tukakubaliana kwamba maji ya jabia yawe ya kunywa na kupika tu, mitungi miwili kwa kaya kwa siku, ambayo ni lita 2,160. Birika lililojaa lingetosha siku arobaini na moja, kama lisingevuja.

Basi fundi mmoja, mume wa mwanachama wetu, akasema na kuvuja nako kunapimika. Alichukua ufito wa mkandaa (mkoko), akautia alama kwa kisu kila sentimita, akausimamisha ndani ya birika. Jioni tulifunga mlango kwa kufuli, ufunguo akakaa nao mwenyekiti. Alfajiri tuliporudi na taa, maji yalikuwa yameshuka sentimita 2. Tulidhani si kitu, hadi binti yangu alipozidisha: ni lita 600, mitungi 30 kwa usiku mmoja, kabla hata mtu hajateka. Je, hili liwekwe kwenye kiambatisho pamoja na vipimo vingine?

Mjumbe wa Zamani

Hapana, Bi. Liwekeni ukurasa wa kwanza, aya ya kwanza, pamoja na picha ya ufito huo. Rudieni kipimo usiku mwingine mara mbili, na muandike tarehe.