Tupeane uzoefu: mnaosafishwa damu, kiu mnaidanganyaje?

Habari zenu wakuu. Figo zangu zimegoma, na huu ni mwezi wangu wa 7 kwenye mashine ya kusafisha damu, mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila safari. Sindano nimeshazizoea. Kilichonishinda ni kiu. Mkojo umebaki kidogo sana, na nimeambiwa maji kwa siku nisizidishe nusu lita juu ya kile ninachokojoa. Majuzi, baada ya zile siku 2 za kupumzika, nilifika na kilo 4 na nusu za maji ya ziada mwilini. Walipoanza kuzitoa, misuli ya miguu ilikaza nikapiga yowe wodi nzima ikageuka. Nakiri, usiku huwa nakunywa kwa kujificha. Namficha nani sijui, maana asubuhi mzani unasema yote. Wenzangu mnakula nini, mnaacha nini?

Mchangiaji wa 1:
Pole sana mkuu. Mimi mwaka wa 5 huu. Ugomvi wako usiwe na maji, uwe na chumvi. Nilihesabu vikombe mwaka mzima huku chakula nakikoleza kama zamani, na kiu haikuniacha hata siku moja. Nilipoacha chumvi, wiki 2 za kwanza nilikuwa kama natafuna karatasi. Baadaye ulimi ukazoea, kiu ikashuka yenyewe. Sasa napika kwa limau, kitunguu saumu na tangawizi, na nikizidi sana ni kilo 2. Ila zile chumvi mbadala wanazouziwa wenye presha usiziguse bila kumuuliza daktari. Nyingi ni potasiamu tupu, madini ambayo figo zetu haziwezi kuyatoa.

Mchangiaji wa 2:
Barafu ni maji. Supu ni maji. Uji ni maji. Tikiti nalo ni maji. Nilikuwa nafyonza barafu kutwa huku najisifu kwamba sinywi 😂

Mchangiaji wa 3:
Mimi ndiye ninayempikia mume wangu. Sisi kilichotutisha ni potasiamu. Wageni walimletea machungwa na ndizi, nami nikaona aibu kumnyang'anya mgonjwa tunda mbele za watu. Kesho yake akasema miguu haina nguvu, basi. Hakuna maumivu, hakuna homa. Kipimo kikasoma 6.8, usiku uleule akaunganishwa kwenye mashine. Daktari akaniambia ikipanda hivyo moyo unaweza kusimama ghafla. Siku hizi viazi navimenya, navikata vidogo, nachemsha kwa maji mengi, namwaga, nachemsha tena kwa maji mapya. Ladha yote inaenda na yale maji, na yeye hulalamika kila mara. Alalamike tu.

Mchangiaji wa 4:
Kuna anayewashwa mwili? Nilibadilisha sabuni 3 kabla ya kuambiwa ni fosforasi, madini mengine yanayojaa kwenye damu. Vidonge vya kuizuia nilikuwa navimeza alfajiri tumbo tupu, pamoja na vya presha. Kumbe vinatakiwa viingie na chakula ili viikamate humohumo tumboni. Nimeacha soda nyeusi na nyama za kusindikwa, maziwa nayapima.

Halafu hili la protini lilituchanganya nyumbani. Kabla ya mashine nilikatazwa kula nyama nyingi. Nilipoanza kusafishwa, mtaalamu wa lishe akasema niongeze mayai, samaki na kuku, kwa sababu mashine nayo inaondoka na protini. Shangazi hakuelewa, akawa ananiondolea nyama kwenye sahani kwa huruma. Nikakonda hadi fistula, ule mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa ajili ya sindano za mashine, ikawa imechomoza kama kamba.

Mchangiaji wa 5:
Msisahau na sisi tunaosafishwa kwa tumbo. Mimi nabadilisha maji ya dawa ya tumboni nyumbani kila siku, kwa hiyo potasiamu haijirundiki sana na ndizi naruhusiwa. Tatizo langu ni kwamba yale maji yana sukari, nimenenepa. Ndiyo maana nawaomba msinakili sahani ya mtu, fuateni vipimo vyenu vya mwezi.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana, dada wa viazi umenichekesha na kunitisha kwa pamoja. Nimetoka jikoni sasa hivi kupima kikombe changu. Siku zote nakihesabu mililita 200. Kinabeba 350.