Mjadala: Sifa ya "mwanamke wa kwanza" inawainua wanawake au inawafunika?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Juni 2020 Kathryn Sullivan alishuka karibu mita 10,900 kwenye Mfereji wa Mariana, akawa mwanamke wa kwanza kufika mahali penye kina kirefu kuliko pote baharini. Oktoba 1984 alikuwa Mmarekani wa kwanza mwanamke kutoka nje ya chombo na kuelea angani. Ni mwanajiolojia hodari, na heshima yote anastahili. Ila nikisoma habari zake naona "wa kwanza, wa kwanza", na hakuna anayeuliza kwa nini huyo wa kwanza alichelewa hivyo. Wanaume wawili walifika kule chini mwaka 1960. Miaka 60!

Mtazameni Valentina Tereshkova wa Muungano wa Kisovieti, mwanamke wa kwanza kwenda angani. Juni 1963 aliizunguka dunia mara 48 kwa karibu siku tatu. Wanawake wanne waliofunzwa pamoja naye hawakurushwa kamwe, na kikosi chao kikavunjwa 1969. Mwanamke wa pili, Svetlana Savitskaya, alienda 1982. Kwa hiyo Wasovieti walipata sifa yao, kisha mlango ukafungwa miaka 19. Huko Marekani wanawake 13 walikuwa wamefaulu vipimo vya afya walivyopimwa wanaanga wa kiume, wakaambiwa lazima wawe marubani wa majaribio wa ndege za jeti, kazi ambayo jeshi halikuwapa wanawake. Mmoja wao, Wally Funk, alikuja kuruka 2021 akiwa na miaka 82, tena kama abiria.

Mimi nasema sifa hiyo imekuwa pazia. Karibuni.

Mchangiaji: Mleta mada, hapo nakupinga. Kwanza umemwonea Tereshkova. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyejifunza kuruka kwa parachuti, na kwa simulizi yake mwenyewe, miaka mingi baadaye, chombo kilikuwa kimepangwa vibaya: kingepanda badala ya kushuka. Yeye ndiye aliyegundua. Huyo hakuwekwa mle kwa ajili ya picha. Pili, hiyo miaka 19 umeijuaje? Si kwa sababu kuna aliyehesabu wa kwanza na wa pili? Tukiacha kuhesabu, waliofunga mlango ndio watakaopumua. Na mwanangu wa kike anahitaji jina la kushika, hahitaji maelezo marefu.

Mleta mada: Kuhusu kuhesabu umenishinda, nakubali. Basi tuhesabu, lakini pengo nalo litajwe palepale jina linapotajwa. Kinachoniuma zaidi ni wale ambao hesabu hiyo haiwafikii, na wengine walipita hapahapa kwetu. Mwaka 1964 Sylvia Earle alipanda meli ya utafiti Mombasa kwenda kuichunguza Bahari ya Hindi, mwanamke peke yake kati ya wanaume 70. Gazeti la pale likaandika kwamba anaondoka na wanaume 70 ila hatarajii matatizo. Mtaalamu wa mwani wa baharini, na habari ikawa wanaume! Mwaka 1979 mama huyo alitembea juu ya sakafu ya bahari karibu na Hawaii, mita 381 chini, ndani ya vazi la metali la kuzamia.

Na Disemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi, na ndiye aliyeipa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake vilichangia wanasayansi kutambua shimo jeusi, yaani kitu cha angani chenye mvuto mkali mno hata mwanga hauponyoki. Townsend hakuruka popote, kwa hiyo kwenye orodha za "wa kwanza kuruka" humkuti.

Waliosoma Malindi, Kilifi na Mombasa, naomba mnijibu kwa ukweli: kuna mwalimu aliyewahi kuwatajia jina lake?