Kisu cha kubebeshea kimenolewa pande zote mbili: nakirudishaje kwenye upande mmoja?

Bustani_Ipuli
Ndugu zangu, habari za leo. Nina bustani ndogo ya miche hapa Tabora, na kazi yangu kubwa ni kubebesha maembe, yaani kuupachika mche wa embe la kienyeji kikonyo (kijitawi) cha Kent au Apple, ambazo ni aina za maembe. Kisu changu kilikuwa na makali ya upande mmoja: kulia kuna mteremko, kushoto ni bapa tupu. Mwezi uliopita kijana wangu, kwa nia njema kabisa, alikipeleka kwa fundi mwenye grenda, naye akakinoa pande zote mbili kama kisu cha jikoni. Kinanyoa hata malaika ya mkono, lakini mkato wa kikonyo sasa unatoka na tumbo katikati, na nikiuegemeza kwenye shina naona mwanga ukipenya. Upande uliokuwa bapa una mteremko mpya wa milimita 1 hivi, na ncha imegeuka rangi ya samawati. Je, kinarekebishika kwa mkono?

Fundi_Mninga
Kinarekebishika, ndugu. Sisi maseremala tunaishi na makali ya namna hii kila siku, kwa sababu patasi na chuma cha randa vyote vina mteremko upande mmoja. Bapa ndilo linaloongoza mkato. Likilala juu ya mti, chuma hakina njia ya kupotoka, ila likiwa na mteremko, kisu hutafuta kutoka nje na ndipo tumbo linapotokea. Tandika msasa namba 220 juu ya kioo kinene, ulowanishe, ulaze bapa lote na kulisugua mpaka ule mteremko wa fundi upotee, kisha uende namba 400 na 1000.

Babu_Kinoo
Fundi amesema kweli kuhusu bapa, lakini kwa ruhusa yake napingana naye kuhusu njia. Ikiwa mteremko huo wa milimita 1 una pembe ya nyuzi 20, kuufuta kwa kusugua bapa ni kuondoa zaidi ya theluthi moja ya milimita ya unene katika bapa zima, na kisu chenyewe ni kidogo. Utachoka, na utakibakiza chembamba. Bapa lisugue kidogo tu, kwa ajili ya kulinyoosha. Kazi kubwa ifanye upande wa kulia, ukiurudisha ukingo nyuma kwa milimita 1 hiyo hiyo, na mteremko usiotakiwa utaondoka wenyewe.

Pembe usiibahatishe. Pima unene wa kisu pale mteremko unapoanzia, kisha upana wa mteremko wenyewe. Unene wa milimita 2 kwa upana wa milimita 6 ni kati ya nyuzi 18 na 20, ambazo kwa vijiti vibichi zinatosha. Paka mteremko wino wa makapeni, sugua mara tatu, halafu tazama: wino ukibaki ukingoni, umelaza kisu mno; ukibaki juu karibu na mgongo, umekiinua mno.

Endelea mpaka usikie, kwa kupitisha kidole gumba kwenye bapa kuelekea nje ya makali (kamwe si kwa urefu wake), kijiukingo cha chuma kinachokwaruza kuanzia shinani hadi nchani. Hapo laza bapa kabisa kwenye kinoo laini na upitishe mara mbili tatu bila kukandamiza. Ukiinua kisu hata kidogo katika hatua hii, umerudia kosa la mwenye grenda. Kinoo chenyewe kisiwe kimeliwa katikati, maana kitakupa bapa lenye mgongo.

Kuhusu samawati: chuma cha kaboni hufikia rangi hiyo kwenye nyuzijoto 300 hivi, na kikifika hapo kimeshalegea. Kuing'arisha rangi si kukiponya. Ni lazima sehemu hiyo iliwe.

Shoto_wa_Isevya
Nyongeza fupi: kabla ya kusugua, thibitisha unakatia mkono gani. Mimi ni shoto, na kisu chenye mteremko wa kulia kilinitesa msimu mzima nikidhani ni butu.

Bustani_Ipuli
Nawashukuru wazee wangu. Nilifuata njia ya Babu kwa jioni mbili, nikamalizia kwa kupitisha kisu kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Wino ulinionyesha kwamba nilikuwa nakiinua kila ninapokaribia ncha. Bila huo nisingejua. Jana nilikata kikonyo cha Kent, nikauegemeza mkato kwenye kioo cha dirisha, na mwanga haukupita popote. Ncha pekee, kama milimita 4, bado inapoteza makali baada ya miche michache, kwa hiyo kwa sasa nakatia sehemu ya katikati.