Pipa la Moshi Uani kwa Bibi

Kikundi: WANA NA WAJUKUU WA MAKORORA

ALHAMISI

[19:42] Da Zuhura: Assalaam alaykum ukoo. Wakubwa shikamooni. Pipa limefika jamani! Fundi kalileta kwa mkokoteni saa kumi, liko uani kwa Bibi karibu na kisima.

[19:42] Da Zuhura: 📷 Picha

[19:44] Da Zuhura: Ni pipa la lita 200. Lina mfuniko wake, matundu matatu ya hewa chini, bomba la moshi juu, na wavu wa kuwekea nyama. Jumapili tunalizindua. Kila nyumba elfu ishirini, mnitumie mimi kwa simu kabla ya kesho adhuhuri niwahi bucha. Nimepanga kidari cha ng'ombe kilo 5, kuku wanne, na samaki. Moto nawasha saa mbili asubuhi, saa saba mchana tunakula.

[20:15] Da Zuhura: Mmesoma watu kumi na mmoja. Hakuna hata wa kuitikia salamu?

[20:16] Salimu: Waalaykum salaam dada. Nipo. Nilete nini zaidi ya tumbo?

[20:16] Da Zuhura: Elfu ishirini, Salimu.

[20:17] Salimu: Mtandao unasumbua huku 😂

[20:21] Shangazi Saumu: Marahaba Zuhura. Hongera kwa pipa.

[20:22] Da Zuhura: Ahsante Shangazi wangu. Utakuja kutoka Muheza eeh? Bibi kakuulizia.

[20:30] Idi Gereji: Da Zuhura, hilo pipa lilikuwa la nini kabla?

[20:31] Da Zuhura: Fundi kasema la mafuta ya kula.

[20:33] Idi Gereji: Nimekuza picha. Ndani kuna rangi nyekundu. Hiyo siyo kutu, ni rangi ya kiwandani ya kuzuia kutu. Usiweke chakula humo bado. Lazima tuwashe moto mkali wa kuni, pipa tupu, mpaka rangi yote iungue, halafu tusugue kwa brashi ya waya, tupake mafuta ya kula ndani kote, tuwashe tena kwa masaa mawili hivi mafuta yashike kwenye chuma. Ndipo tupike.

[20:34] Salimu: Rais anahimiza nishati safi, mkakati unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, sisi ndio kwanza tunazindua pipa la mkaa 😂😂

[20:35] Mwanaidi: 😂😂😂 asilimia 20 iliyobaki ni sisi

[20:36] Da Zuhura: Samaki nani anakwenda soko la Deep Sea kuchukua? Nataka changu na kolekole wa asubuhi, wasiwe wa barafu.

[20:37] Salimu: Mimi nakwenda. Nikikosa changu nabeba silikanti.

[20:37] Mwanaidi: Watu wa hifadhi wakuhifadhi na wewe humo humo 😂

[20:38] Salimu: Samaki tangu enzi za dinosaria, ukimbanika anataka siku ngapi?

[20:41] Idi Gereji: Jamani someni nilichoandika. Na huo wavu unang'aa kama bati jipya. Umepakwa zinki. Zinki ikishika moto mkali moshi wake ni sumu, waulizeni mafundi wa kuchomelea, wakiuvuta mchana usiku wanalala na homa. Da Zuhura mwambie fundi autoe, aweke nondo nyeusi au wavu mtupu.

[20:44] Da Zuhura: Idi, fundi nimeshamlipa.

[20:44] Idi Gereji: Basi nitauleta mimi kutoka gereji. Lakini msipike juu ya huo.

[20:50] Da Zuhura: Sawa. Walionitumia mpaka sasa ni mmoja. Mama Rukia sikuoni, Kaka Hamisi sikuoni.

[20:52] Da Zuhura: Habari njema ni kwamba kuni za moshi hatununui. Yale matawi ya mwembe juu ya banda yamekauka, ukiyagonga yanalia kama marimba. Mkaa utatoa joto, mwembe utatoa harufu. Nawaahidi mtaa mzima utajua.

[20:53] Salimu: Mama jirani akianua nguo zake zitanukia mishikaki wiki nzima

[20:53] Mwanaidi: Mumewe atadhani ana mke wa pili wa Forodhani 😂

[20:58] Shangazi Saumu: Mwembe gani?

[20:59] Salimu: Mwanaidi wewe ukashike kachumbari tu, chumvi tulishakubaliana usiiguse tangu Lushoto

[20:59] Mwanaidi: Lushoto tena!! Mwaka wa ngapi huu?

[21:01] Da Zuhura: Mvua ikinyesha tunaliingiza pipa bandani, tunafunga pazia, kazi inaendelea.

[21:02] Idi Gereji: HAPANA. Bandani hapana kabisa. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, unasikia usingizi tu ndio basi. Mvua ikinyesha tunafunika mfuniko na tunaahirisha.

[21:26] Shangazi Saumu: Nimeuliza mwembe gani.

[21:31] Da Zuhura: Shangazi ni zile kuni tu za siku zote juu ya banda.

[21:34] Shangazi Saumu: Zuhura wewe ni mtu mzima. Sema ni mwembe wa baba yangu.

[21:36] Shangazi Saumu: Nimeondoka kwenda Muscat nimeuacha umezaa. Nimerudi nakuta kisiki. Hakuna aliyenipigia simu. Si ujumbe, si salamu. Nimekaa jikoni kwa watu miaka miwili natuma hela za bati la nyumba hiyo hiyo, na mtu mmoja kashika shoka akakata kitu pekee baba alichokipanda kwa mkono wake. Leo mnataka mniite nikaoshe midomo kwa moshi wake?

[21:37] Shangazi Saumu: Aliyekata yumo humu na anasoma.

[21:52] Ami Athumani: Ujumbe huu ulifutwa

[22:05] Da Zuhura: Shangazi nisamehe. Sikukusudia. Nilitaka tu tukae pamoja, tangu msiba wa Babu hatujakaa wote uani.

[23:12] Faraji Houston: Assalaam alaykum! Samahani nilikuwa kazini, huku ni saa tisa alasiri, sijasoma ya juu yote. Hongera Da Zuhura kwa pipa!! Hili ndilo jambo langu. Majirani zangu Texas wamenifundisha.

[23:15] Faraji Houston: Dada, saa mbili mpaka saa saba kidari hakiivi. Kilo 5 kwa joto la nyuzi 107 hadi 121 ni masaa kumi mpaka kumi na nne. Ikifika kama 65 au 70 ndani nyama inagoma. Inatoa jasho, na jasho linaipoza, joto halipandi masaa mazima. Watu wanadhani moto umekufa wanaongeza mkaa, wanaiunguza. Wewe iache. Ikigoma, huku wanaifunga kwa karatasi ya bucha. Nyinyi ifungeni kwa jani la mgomba lililobabuliwa. Iive mpaka 95 ndani, kijiti kiingie bila kusukuma.

[23:18] Faraji Houston: Halafu ng'ombe wetu hana mafuta kama wa huku, kidari chake chembamba kitakauka. Kwa mara ya kwanza mimi ningeanza na kuku na samaki. Kuku mpaka 74 kwenye paja, samaki 63 anatosha. Samaki mtie chumvi, mwache upepo umkaushe mpaka ngozi inate kidoleni, ndipo moshi unamshika.

[23:20] Faraji Houston: Mkaa usiuwashe wote. Jaza mkaa baridi, juu yake weka makaa machache yaliyoshika, moto ule polepole kwenda chini. Ukifika nyuzi 100 anza kuziba matundu, joto likikupita kulirudisha ni kazi. Mafuta ya taa msiyakaribishe, washeni kwa makumbi. Moshi ukiwa mweupe mzito subirini, nyama itakuwa chungu. Unaotakiwa ni ule mwembamba, karibu huuoni.

[23:21] Faraji Houston: Na kuni ziwe kavu na nzima. Iliyooza au yenye ukungu msiweke, harufu yake inaingia kwenye nyama. Mwembe ni mzuri sana, mpera pia. Ule mwembe wa Babu bado upo?

[23:40] Faraji Houston: Haloo?

IJUMAA

[06:58] Nasra: Wakubwa shikamooni. Bibi kaniamsha baada ya sala ya alfajiri akataka nimsomee kikundi chote. Nimemsomea. Amesema niandike kama anavyotamka, nisiongeze neno.

[07:09] Nasra: "Saumu mwanangu. Nakuona unavyomnunia ndugu yako mwaka wa tatu huu, nikanyamaza nikidhani yatakwisha. Hayakwisha. Mwembe ule niliamuru mimi. Shina lilioza, ukiligonga linaitika kama ngoma, na tawi kubwa lilikuwa juu ya chumba ninacholala. Athumani alikataa mara mbili. Akasema Saumu yuko Muscat, tumngoje. Nikamwambia likiniangukia usiku utamwambia nini Saumu? Akakata siku ya tatu, na alilia. Mimi ndiye niliyemkataza asikupigie, kwa kuwa uliniambia siku ile ya kuondoka niutunze, na sikujua nitasema nini. Akaubeba yeye. Kosa hilo ni langu."

[07:11] Nasra: "Moto wa kwanza wa pipa hilo auwashe Saumu. Kuni azishushe Athumani. Mmoja asipokuwepo, pipa likae hivyo hivyo."

[07:12] Nasra: Amesema mwisho. Ameingia chumbani.

[07:40] Ami Athumani: Nimesikia mama.

[11:15] Da Zuhura: Bibi tumesikia.

[11:16] Da Zuhura: Bucha wanafunga mapema leo. Sijui ninunue au nisinunue.

[13:48] Idi Gereji: Natoka msikitini. Nina swali na nauliza kwa adabu. Kesho Jumamosi nilikuwa nije kuliunguza pipa tupu, kutoa ile rangi. Huo nao ni moto. Unahesabika?

[13:50] Salimu: Mimi ningesema huo ni moto wa usafi

[14:02] Nasra: Bibi anasema moto ni moto.

[14:03] Idi Gereji: Basi Shangazi inabidi awepo kesho, siyo Jumapili. Bila kuunguza hatupiki, na hapo sibadilishi maneno hata kama mtanikasirikia.

[14:05] Da Zuhura: Shangazi, kesho utaweza? Magari ya Muheza yapo tangu alfajiri. Nauli nalipa mimi.

[15:30] Da Zuhura: Shangazi?

[16:44] Shangazi Saumu: Lilioza upande gani?

[16:51] Ami Athumani: Wa kisima.

[16:52] Shangazi Saumu: Tulipokuwa tunafunga bembea?

[16:53] Ami Athumani: Hapo hapo. Kamba ilikula gome, maji yakaingia. Mkono mzima ulikuwa unapita.

[16:58] Ami Athumani: Matawi yalikuwa mazima. Shina nililitupa. Matawi nikayapandisha juu ya banda, nikafunika kwa makuti kila masika. Sikuruhusu mtu ayapikie. Muulize Zuhura, aliwahi kuomba nikamkatalia.

[16:59] Da Zuhura: Kweli Shangazi. Ramadhani ile nilinunua kuni za watu na zile zipo.

[17:20] Ami Athumani: 📷 Picha

[17:21] Ami Athumani: Hiki ni kipande cha kwenye panda, penye alama yako ya kisu. Nilikikata pembeni. Kipo kabatini kwangu.

[18:07] Salimu: 🤲

[18:30] Faraji Houston: Ndio naamka wangu. Nimesoma yote sasa. Shangazi, Ami, poleni wazee wangu. Nisameheni lile swali la jana, sikujua.

[19:02] Da Zuhura: Kwa hiyo jamani. Idi analeta wavu na brashi. Mafuta ya kula lita moja ninayo. Makumbi na vifuu Nasra kakusanya gunia. Kidari nimekiacha, nimechukua kuku watatu, wa nne hela haikufika. Samaki bado. Salimu unakwenda au huendi?

[19:03] Salimu: Nakwenda, ila siku gani?

[19:03] Da Zuhura: Ndicho tunachongoja.

[19:25] Ami Athumani: Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa juu ya banda. Nitashusha matawi mawili tu. Mengine hapana mpaka aseme mwenyewe.

[19:26] Da Zuhura: Shangazi, kibiriti nakuwekea juu ya ukuta wa kisima.

[20:48] Nasra: Bibi anauliza Saumu kajibu?

[20:49] Da Zuhura: Amesoma.

[21:33] Mama Rukia: Waalaykum salaam wote, simu ilikuwa kwa fundi. Zuhura nimekutumia elfu kumi, nyingine mwisho wa mwezi. Ni Jumapili hii au ijayo?