Shingo inakaza mwaka wa pili sasa, haya mazoezi tiba yanasaidia kweli?

Fundi wa Sare: Wakuu habari zenu. Mimi fundi cherehani, nashona sare za shule, tangu msimu wa Januari mwaka jana shingo inakaza hadi mabegani, mtu akiniita kwa nyuma nageuka mwili mzima kama lori. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, nimemeza hadi tumbo linawaka, eksirei wakasema pingili za shingo zimelika kidogo, nikanunua kola ya kushikilia shingo nikawa nashona nimeivaa, nikiivua tu maumivu yale yale. Sasa naambiwa mazoezi. Jamani kutwa nzima nakanyaga cherehani, mazoezi gani tena?

Mtu Kati: Pole mkuu. Lala bila mto wiki mbili utanishukuru.

Mama Fizio: Hilo la mto liache. Fundi, kwanza jibu: mikono inapata ganzi? Mkasi unakudondoka? Miguu inayumba, mkojo unakushinda kubana, unakonda au una homa, au uliwahi kupata ajali? Kama lipo hata moja acha uzi huu na ule wa cherehani, nenda hospitali leo. Kama hamna, usiogope hiyo eksirei, watu wazima wengi pingili zimelika na hawaumwi chochote. Kola nayo ukikaa nayo sana misuli inazidi kulegea. Kichwa kina kama kilo 5, wewe unakiinamisha kutwa, misuli ya mbele ya shingo imelala, ya nyuma inabeba peke yake. Kaa wima, tazama mbele, vuta kidevu kurudi nyuma kama unatafuta kidevu cha pili (usiinamishe kichwa hapo ndo wengi wanakosea), shikilia sekunde 5, mara 10, asubuhi na jioni. Kisha bana makombe ya mabega nyuma kama umeshika kalamu katikati. Kuuma kidogo ni kawaida, maumivu yakishuka mkononi acha. Jipe wiki 6 hadi 12, siyo siku tatu.

Tyubu Kuukuu: Mie wa kompyuta, nilipewa zoezi la mpira nikakata tyubu ya baiskeli, unakanyaga katikati unainua mikono pembeni hadi usawa wa mabega. Dakika 2 tu kwa siku, nilikuwa nacheka ila kumbe Denmark walilipima kwa wafanyakazi wa ofisini, 2011, wiki 10, maumivu yakapungua.

Mama Fizio: Kweli kabisa. Na kila ukimaliza sketi moja simama, hata mkao mzuri ukikaa nao masaa matatu unaumiza.

Fundi wa Sare: Narudi baada ya wiki 8. Ganzi sikuwa nayo. Nimeinua meza kwa vipande vya mbao, wiki mbili za kwanza niliona upuuzi mtupu, ya tano hivi nikashtuka nimegeuka kuangalia daladala kwa shingo yenyewe. Haijaisha, siku ya oda nyingi bado inakaza, ila diklofenaki nimeacha. Kola kachukua mtoto anachezea.